Ninaomba ushauri: namna ya kuthaminisha bangili ya marehemu mama yenye vito vya rangi

Mleta mada
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Marehemu mama alituachia bangili yenye rangi ya dhahabu, aliyoletewa na mjomba kutoka Maskati miaka mingi iliyopita, na sasa tumefika kwenye mirathi. Tuko ndugu wanne, na mzee anayetusimamia ameagiza kila kitu kithaminiwe kabla ya kugawa mafungu. Kabati na cherehani havikutusumbua. Bangili ndiyo imetushinda.

Ina vipande saba vilivyoshikanishwa kwa bawaba ndogo, na kila kipande kina jiwe moja: mekundu mawili, ya kijani mawili, ya buluu mawili, na la katikati jeupe. Uzito wake ni gramu 31. Ndani ya kifungo kuna maandishi yaliyolika, nami nasoma "18K" kisha herufi mbili nisizozitambua. Pale inaposuguana na mkono, rangi imefifia ikaelekea wekundu. Mnunuzi mmoja aliiweka kwenye mzani, akanitajia bei hapo hapo bila kuijaribu kwa dawa (tindikali ya kupimia dhahabu), na aliponiona nasita akaiongeza karibu mara mbili. Tangu hapo sina amani, kwa maana nikiiuza kwa bei ya chini nitakuwa nimewadhulumu ndugu zangu, na tukiikadiria juu kuliko ilivyo, atakayeipokea katika fungu lake ndiye atakayepunjika. Naomba mnielekeze.

Fundi wa Ngamiani
Pole kwa msiba, dada. Usiiuze kwanza. Nimefanya kazi ya usonara tangu ujana wangu, na ninakuambia kwamba hizo herufi mbili zina uzito kuliko hiyo "18K" yenyewe. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu safi katika 24, yaani asilimia 75, na ndiyo maana mara nyingi hugongwa namba 750. Ya karati 21 hugongwa 875, na ya 22 hugongwa 916. Lakini "18K" ikifuatiwa na GP, ujue kilichoko ndani ni madini mengine yaliyochovywa tu, na ikifuatiwa na GF, ganda la dhahabu ni nene zaidi ila ndani bado si dhahabu. Wekundu unaouona unanitia wasiwasi, kwa sababu kitu cha kuchovya huanza kuchubuka kwenye kingo na kwenye bawaba.

Ukipata mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu, weka juu yake bilauri ya maji, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha uizamishe bangili ikining'inia kwa uzi bila kugusa kitako wala kingo za bilauri. Mzani utasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na bangili tu: gramu 31 za dhahabu ya karati 18 zitasoma takribani gramu 2, ilhali shaba ya njano itasoma zaidi ya gramu 3.5. Mawe ni mepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo yataongeza kidogo hesabu hiyo.

Dada wa Mererani
Kwa heshima zote, fundi, naomba asiizamishe kabla hajatazama mgongo wa mawe. Vito vingi vya kioo huwekewa karatasi ya fedha kwa nyuma ili ving'ae, na maji yakiingia humo jiwe huwa jeusi moja kwa moja, halitengenezeki tena.

Dada yangu, geuza bangili uitazame mchana, karibu na dirisha, kwa kioo cha kukuzia. Je, nyuma ya kila jiwe pako wazi au pamezibwa? Je, ndani ya jiwe kuna vipovu vya duara? Vipovu vya namna hiyo ni dalili ya kioo. Tazama pia kingo za michongo: yakuti, ambayo huweza kuwa nyekundu au ya buluu kama mawe yako, ni ngumu sana, ina daraja la 9 kati ya 10 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, hivyo kingo zake hubaki kali hata baada ya kuvaliwa miaka mingi, lakini za kioo hulika zikawa butu. Umri wa bangili usikudanganye, kwa sababu yakuti za kutengenezwa kiwandani zimekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wala usichanganye karati mbili: ya dhahabu hupima usafi, ya kito hupima uzito, na ni gramu 0.2.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Mgongo wa mawe yote umezibwa, na jiwe moja la buluu lililomeguka pembeni limefichua utando unaong'aa kama karatasi ya sigara. Sikuizamisha. Niliipeleka kwa sonara mwingine, akakwangua kidogo ndani ya bawaba mbele ya macho yangu, akadondosha tone la dawa, nalo likachemka na kugeuka kijani. Kwa kioo chake tulizisoma zile herufi: GP. Sasa tuiandikie thamani gani?

Fundi wa Ngamiani
Ikichemka kijani, hiyo ni shaba. Msiithaminishe kwa gramu, kwa kuwa dhahabu iliyopakwa juu haitoshi hata kulipia kazi ya kuitoa. Iandikieni bei ya pambo lililotumika: waulizeni wauzaji wawili au watatu wangelinunua kwa kiasi gani, si wangeliuza kwa kiasi gani, kisha mchukue bei ya kati. Jiwe lililomeguka litapunguza kidogo.

Mleta mada
Tumewauliza watatu, na bei zao zimekaribiana. Hata ile ya juu kabisa haifiki robo ya bei ya mnunuzi wa kwanza. Mzee ameiandika ile ya kati mbele yetu sote. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akimfunga mama bangili hiyo kila sikukuu kwa kuwa kifungo chake ni kigumu, ameomba iwe katika fungu lake, nasi tumeridhia.