Mbona mapanga ya propela ya ndege ya Caravan hugeuka ubavu ikizimwa?

NahodhaWaShela

Asalaam aleikum nduzangu. Mimi hubeba abiria kutoka uwanja wa ndege wa Manda kuja Lamu mjini na Shela. Boti ya faiba, injini ya farasi 40. Nikingojea watu huziangalia ndege, na kuna jambo limenikaa rohoni muda sasa. Caravan ikishazimwa, mapanga yake matatu hugeuka ubavu, makali yametazama mbele. Ikiwashwa huanza kuzunguka vivyo hivyo, polepole, hayasukumi kitu. Halafu mlio hubadilika ghafla, vumbi la nyuma likaruka.

Rafadha yangu, yaani propela ya boti, ni kipande kimoja cha alumini. Imeandikwa inchi 13, na itabaki 13 mpaka siku nitakapoigonga mwamba. Mwaka jana niliitoa ya 11 nikaweka hii nikitaka mbio. Boti ikiwa tupu inaruka. Nikipakia watu wanane na mabegi, injini inalia tu, boti haipandi juu ya maji. Sasa hawa wenzetu wanayageuzaje mapanga yakiwa yanazunguka? Na mbona yajigeuze ndege ikiwa imelala?

FundiMstaafu_Malindi

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimezitengeneza hizo miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Malindi kufuga kuku, kwa hivyo umemkuta mwenyewe.

Jibu lako nusu umeshalitoa. Ile 13 ndiyo pichi: rafadha ikizunguka mara moja, ingesonga mbele inchi 13 kama maji yangekuwa siagi. Pichi ndogo ina nguvu ya kuondokea, pichi kubwa ina mbio. Wewe umelazimika kuchagua moja. Ndege nazo zilikuwa hivyo hivyo mpaka miaka ya 1930, Frank Caldwell wa Marekani alipofanikisha propela ya kubadili pichi angani, akatuzwa Collier Trophy, tuzo ya Marekani ya mambo ya ndege, ya mwaka 1933.

Kwenye Caravan, kila panga limeingia kwenye kitovu kwa beringi, linaweza kujipinda kwenye shina lake. Ndani ya kitovu mna pistoni. Upande mmoja oili ya injini inaisukuma, mapanga yaende pichi ndogo. Upande wa pili springi kubwa, pamoja na vizito vilivyofungwa kwenye mashina ya mapanga, vinavuta kuelekea pichi kubwa. Ni kuvutana kamba tu. Ukizima injini, presha ya oili inakwisha, springi inashinda, mapanga yanaenda mpaka mwisho: makali mbele. Ukiwasha, presha inapanda, oili inayarudisha. Huo ndio mlio unaousikia ukibadilika.

Na haikuwekwa kwa ajili ya urembo pale Manda. Caravan ina injini moja. Ikizima angani, mapanga yakibaki bapa kwenye upepo ni kama umefungua mwavuli mbele ya pua. Ndege inashuka upesi. Yakikaa ubavu inateleza. Wewe ni mtu wa matanga, unajua tofauti ya tanga lililokaa sawa na tanga linalokurudisha nyuma.

Anayeamua oili iingie au itoke ni gavana. Si yule wa kaunti, huyu anafanya kazi kila sekunde. Ni vizito viwili vinavyozunguka kwa mwendo wa injini. Propela ikizidi mwendo, vizito vinafunguka nje, vinainua vali, oili inatoka kwenye kitovu, pichi inaongezeka, propela inapata uzito inatulia. Ikipungua mwendo, kinyume chake. Rubani ameweka mizunguko anayoitaka, mwisho 1900 kwa dakika, gavana anailinda.

SeremalaMatondoni

Ami, samahani nidakie. Sisi huku twachonga majahazi. Nimeona picha za propela za mti. Mbambakofi haifai?

FundiMstaafu_Malindi

Karibu. Mbambakofi ni mti mwema kwa mlango na kwa jahazi, lakini ni mzito, na huku kila gramu iliyo nchani inavuta kitovu. Ndugu wawili Wright, 1903, walitumia spruce, mti mwepesi, wakagundisha tabaka, kisha wakachonga kwa shoka na kisu cha kushikwa mikono miwili. Propela mbili, kila moja kama mita 2.6, zikiendeshwa kwa minyororo. Wao ndio walioona kwamba panga ni bawa linalozunguka. Ungekuwepo wangekupa tezo.

Tabaka zina maana. Ubao mmoja utapinda siku moja mvua siku moja jua, wewe walijua hilo kunishinda mimi. Tena propela ya mti haiegeshwi wima. Ilazwe sambamba na ardhi, la sivyo unyevu unashukia panga la chini na propela inakosa mizani.

Utauliza kwa nini imesokotwa. Chukua ya Caravan, mita 2.69 kutoka ncha hadi ncha. Kwa mizunguko 1900, sentimita 30 kutoka katikati panga linakwenda mita 60 kwa sekunde. Kwenye ncha ni 268, zaidi ya kilomita 960 kwa saa. Panga lile lile! Kwa hivyo shinani pembe huwa kubwa, nchani hulazwa, ili kila sehemu iukate upepo sawasawa.

NahodhaWaShela

Na hizo za kijivu za Caravan ni chuma gani? Chumvi ya huku haizili?

FundiMstaafu_Malindi

Alumini ya kufuliwa, na chumvi inazila vizuri sana. Siku hizi ziko pia za nyuzi za kaboni, nyepesi, ndani povu, makali yamevishwa nikeli. Za alumini adui yake mkubwa ni jiwe. Rubani akitua uwanja wa changarawe, akageuza mapanga yasukume upepo mbele kuvunja mwendo mpaka ndege inakaribia kusimama, propela inafyonza mawe.

Mimi hupitisha ukucha wa kidole gumba makalini. Ukikwama, hapo pana kazi. Unachukua tupa, unakifanya kidonda kiwe kipana bila kina, kama sahani, huachi kona, unamaliza na msasa. Ukiacha kona, ufa unaanzia pale. Kampuni moja niliyofanyia kazi zamani, niliona panga limepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, kama kidole. Nikakwangua. Kidonda chini, na kutoka kwenye kidonda uzi mweusi unaingia ndani. Bosi akasema ni kishimo. Nikamwambia atie sahihi yeye. Panga likang'olewa siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa miezi miwili zaidi.

NahodhaWaShela

Allah akuweke ami. Swali la mwisho: mbona wanalifunga panga kwa mkanda ndege ikilala?

FundiMstaafu_Malindi

Kwa sababu propela na kompresa ya injini, ile sehemu inayobana hewa, havikuunganishwa kwa shafti, ni pumzi ya moto tu inayopita baina yao. Ukiisukuma kwa mkono inazunguka kama feni. Kusi ikivuma itazunguka usiku kucha bila oili kwenye gia. Lakini wewe usiisukume. Hata ikiwa imefungwa, usipite mbele yake.

NahodhaWaShela

Nimerudi. Leo nimesimama kando ya uzio, Caravan imewashwa. Nimehesabu tangu ilipoanza kuzunguka: kumi na moja, mlio ukabadilika, na safari hii nimeyaona mapanga yenyewe yakijilaza. Nimechelewa abiria wawili, maji yameshakupwa, imebidi tuvue viatu tuisukume boti. Na ile ya inchi 11 naitoa stoo kesho.