Mjadala: Baba mtarajiwa aingie leba, au kazi yake iishie mlangoni?

Mleta mada

Wanaume wanaosubiri mtoto wa kwanza wanaambiwa mambo mawili yanayopingana. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kuhusu uchungu na kujifungua, linashauri kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye muda wote. Wakati huohuo wodi nyingi humsimamisha mwanamume mlangoni, na wapo wanaosema huko ndani si mahali pake. Msimamo wangu ni kwamba aingie, na iwe haki, si hisani ya aliyeko zamu siku hiyo. Mwenye hoja aje nayo, na aje na vitu vya kufanya. Nasaha za "mpende na umvumilie" zimeshatutosha.

Mkunga

Nakuunga mkono, lakini soma vizuri ulichokiandika: "aliyemchagua mwenyewe". Anayechagua ni mama. Akimtaka dada yake au rafiki yake, mume anabaki nje na hajadhulumiwa. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ulikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwatia nguvu bila kukatiza walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, upasuaji ulipungua na uchungu ulikuwa mfupi kidogo. Haikuwa lazima mtu huyo awe mume.

Akichaguliwa, basi aje anajua kazi. Mimba ya kwanza, tangu njia ifunguke sentimita 5 hadi 10, saa zinaweza kufika 12. Maumivu ya mgongo ndiyo yanayowasumbua wengi, na dawa yake ya mikono ni hii: mama asimame ameinamia kitanda, wewe weka kitako cha kiganja kwenye mfupa bapa ulio chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya makalio. Uchungu ukianza kupanda, egemea kwa uzito wa mwili wako. Ukitumia nguvu za mkono peke yake utachoka mapema. Shikilia palepale bila kusugua, na uachie uchungu ukishuka. Wengi hukosea kwa kubana juu sana, karibu na mbavu, au kwa kusuguasugua ngozi hadi inawaka. Akisema "acha", acha saa hiyohiyo. Nusu saa baadaye anaweza kukuomba tena.

Kati ya uchungu na uchungu mpe maji funda moja moja, na mkumbushe kwenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi. Kibofu kilichojaa kinazuia kichwa cha mtoto kushuka, na mama mwenye uchungu mkali huenda asihisi kabisa kwamba kimejaa. Asilale chali muda mrefu, kwa sababu mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha yake inashuka na mtoto anapungukiwa hewa.

Mtetezi wa faragha

Mkunga ameeleza vizuri, ila ameongelea kitanda kimoja. Kwenye wodi ya vitanda sita vilivyotenganishwa na mapazia yasiyofika ukutani, haki ya mama mmoja kuwa na mumewe inakuwa fedheha kwa watano wengine. Hao watano nani aliwauliza?

Lipo pia la kliniki. Pale "mlete mwenza" inapogeuka sharti, asiye na mwenza hurudishwa au huwekwa mwisho wa foleni, naye safari nyingine haji. Aliyeumia ni yuleyule aliyehitaji huduma zaidi. Na anayepigwa nyumbani hawezi kulisema mbele ya anayempiga. Kila hudhurio lazima liwe na dakika kadhaa za mama peke yake na mhudumu, mume akiwa nje ya mlango uliofungwa, na hilo lifanyike kwa wote ili asishtuke yeyote. Ndiyo maana naona kazi kubwa ya baba iko katika miezi tisa ya nyumbani. Tunapigania saa 12 za mwisho na kuacha wiki 40.

Mwalimu wa darasa la wazazi

Kwenye wiki 40 nakubaliana nawe, na huko ndiko kwenye mapengo makubwa. Wanaume wengi hubeba kadi ya kliniki bila kujua kuisoma. Tafuta mstari wa presha. Ukiona 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, ulizeni siku hiyohiyo mkojo umepimwa protini na hatua gani inafuata. 160/110 ni dharura. Kichwa kinachouma bila kutulia, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Kosa linaloua ni kumpa dawa ya maumivu na kusema "tuone asubuhi". Damu ukeni au mtoto kupunguza kucheza navyo havisubiri kukuche.

Vidonge vya madini chuma vinaachwa kimyakimya kwa sababu vinafunga choo na kukifanya cheusi, na mama akidhani vinamdhuru anavificha. Mweleze kwamba weusi ni kawaida. Avinywe na maji au chungwa, chai na kahawa zisogezwe mbali angalau saa moja, na vidonge vya kalsiamu vipewe saa yake tofauti. Kuanzia wiki ya 28 alale ubavu, wa kushoto au wa kulia, na mto katikati ya magoti.

Kuhesabu uchungu nako kunakosewa sana. Hesabu tangu mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza. Ukihesabu tangu ule wa kwanza ulipoisha, utapata dakika pungufu na kukimbia mapema. Karatasi yenye safu mbili inatosha: saa ulipoanza, sekunde ulizodumu. Kwa mimba ya kwanza, uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu dakika nzima, kwa muda wa saa moja, ondokeni. Wanaokaa mbali waondoke kabla ya hapo. Lakini chupa ya uzazi ikipasuka, tupa hesabu. Andika saa, tazama rangi ya maji na mwende; yakiwa ya kijani, mwambie mhudumu mara mnapofika, kwa kuwa huenda mtoto amejisaidia tumboni.

Mkunga

Ndugu yangu wa faragha, hoja ya mapazia naipokea. Nadhani kanuni zinaweza kuilinda: mwanamume anakaa upande wa kichwa cha mama, hazunguki wodini, simu inabaki mfukoni, na anatoka jirani anapopimwa. Hofu ya kuzimia nayo ina tiba. Ale kabla, asisimame magoti yamekazwa, na akianza kutoka jasho baridi akae sakafuni palepale. Anayezimia akiwa amesimama huumia kichwa, na wahudumu wanalazimika kugawanyika.

Saa ninayomhitaji zaidi ni ile mtoto akishatoka. Mama na mtoto wakae ngozi kwa ngozi, ziwa lianze ndani ya saa ya kwanza, na kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kama wote ni wazima. Hapo ndipo chumba kinapotulia na mhudumu anaenda kitanda kingine, na damu inaweza kuanza bila kelele. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, bonge la damu likizidi ukubwa wa yai, au mama akianza kupauka, kutetemeka na kusema anasikia kizunguzungu, usingoje mzunguko wa wahudumu. Ita kwa sauti. Damu inaweza kujikusanya chini ya kiuno chake bila kuonekana juu, kwa hiyo inua shuka utazame.

Mtetezi wa faragha

Hiyo ya kuinua shuka imenigusa, sikuwa nimeipa uzito wake. Hata hivyo kanuni ulizotaja zinasimamiwa na nani usiku, kama mkunga ni mmoja na vitanda ni sita? Mwanamume akiambiwa atoke akagoma, mkunga aache kichwa kinachotoka aende kubishana naye?

Mleta mada

Basi narekebisha hoja. Chaguo liandikwe kwenye kadi ya kliniki mapema, mama akiulizwa akiwa peke yake, na awe huru kulibadilisha hata uchungu ukishaanza. Mapazia yafike ukutani kwanza, ndipo wanaume waruhusiwe. Pasipo hayo aingie mwanamke aliyemchagua. Suala la mkunga mmoja wa usiku sina jibu lake. Wenye uzoefu wa kupanga zamu, tusaidieni hapo.