Mkonge, kahawa na kodi: Tanganyika baada ya mdororo wa 1929

Swali: Ndugu wanajamvi, ninaelewa kwamba mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulishusha bei ya mkonge na kahawa. Je, ulimfikiaje Mtanganyika wa kawaida, aliyekuwa akilima chakula chake mwenyewe?

Jibu la kwanza: Ulimfikia kupitia kodi. Serikali ya Waingereza ilidai kodi kwa fedha taslimu, kwa hiyo hata aliyejilisha mwenyewe alilazimika kuuza mazao au nguvu zake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, manamba (vibarua wa mkataba) waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko walipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi; siku ambayo haikutiwa alama haikuhesabiwa, hata kama mtu alikata majani tangu alfajiri. Bei ilipoanguka, ujira ulipunguzwa na wengi wakaachishwa kazi, ilhali kodi iliendelea kudaiwa.

Jibu la pili: Naomba kuongezea habari za Kilimanjaro. Wachagga waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, wakijilinda dhidi ya walowezi waliotaka Waafrika wazuiwe kulima zao hilo, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Hata hivyo, tusiusifu ushirika huo kupita kiasi: wakulima walilazimishwa kuuza kwake pekee, na mwaka 1937 ghasia zikazuka.

Jibu la tatu: Msiwasahau wanawake. Waume walipokwenda manamba, kilimo chote cha nyumbani kiliwaangukia wao.