Naomba ushauri: pesa ya kujikimu kutoka kampuni ya mawakili Uingereza, inakatwa kodi au haikatwi?

BintiTanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua kodi za Uingereza, hasa waliopitia njia ya uwakili huku.

Nimemaliza shahada ya historia Manchester na nimepata mkataba wa mafunzo na kampuni ya mawakili London. Kazi yenyewe inaanza baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo wananisomesha: mwaka wa kwanza kozi ya kuingia fani ya sheria kwa sisi tuliosoma mambo mengine, mwaka wa pili maandalizi ya SQE, yaani mitihani ya kufuzu uwakili huku. Ada wanalipa wao chuoni. Juu yake wananipa pauni 17,000 kwa mwaka za kujikimu, kwa mikupuo miwili, Septemba na Januari.

Barua yao inasema tu kwamba malipo yatafanywa kwa kuzingatia kodi pale inapohusika. Basi. Dada mmoja kanisani kaniambia chochote kinachozidi 12,570 kinakatwa asilimia 20. Rafiki yangu anasema pesa ya masomo haiguswi hata iwe nyingi kiasi gani. Pango la London mnalijua, nahitaji kujua mapema nitashika ngapi mkononi.

Jambo la pili: wameniuliza kama niko tayari kufanya kazi kwao Julai na Agosti kama msaidizi wa kisheria, kwa mshahara. Je, hilo linaharibu chochote?

Nyota_wa_Leeds

Hongera sana dada! Mimi nilipewa hiyo pesa mwaka 2019, enzi za kozi ya LPC, kabla SQE haijaanza. Iliingia benki nzima, haikukatwa hata peni. Usiwe na hofu.

KaraniWaHesabu

Hongera BintiTanga. Nyota, nakubali kwako ilikuwa hivyo, ila tusimpe uhakika kabla hatujajua mkataba wake umekaaje. Nafanya kazi ya kuandaa mishahara hapa Birmingham na swali hili linakuja karibu kila Septemba.

Wote wawili waliokushauri wana kipande cha ukweli. Ile 12,570 ni kiwango cha mapato ya mwaka ambacho kila mtu hatozwi kodi. Lakini kinahusu mapato yanayotozwa kodi. Swali la kwanza siyo kiasi. Swali ni hili: siku pesa inaingia, wewe ni mwanafunzi aliyepewa ufadhili au ni mwajiriwa anayelipwa?

Kama ni mwanafunzi ambaye hajaajiriwa, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2005, kifungu cha 776, inasamehe mapato ya ufadhili wa masomo kwa mtu anayesoma muda wote katika chuo kikuu, chuo au shule. Kifungu hicho hakina kikomo cha kiasi. Neno la kushika hapo ni "muda wote". Anayesoma jioni na wikiendi huku mchana yuko kazini hawezi kuingia kwenye mlango huo.

Kama ni mwajiriwa, mambo yanageuka. Mwajiri akikulipa wewe mwajiriwa wake, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanaanza kwa kuona huo ni ujira. Ila wana utaratibu wao wa miaka mingi, unaitwa SP 4/86, wa kumsamehe kodi mwajiriwa aliyepelekwa masomoni. Masharti yake ni haya: awe amejiandikisha kwa mwaka mzima wa masomo au zaidi, ahudhurie kwa wastani wa wiki 20 au zaidi kwa mwaka, chuo kiwe cha watu wote na siyo darasa la ndani la mwajiri, na malipo yasizidi pauni 15,480 kwa mwaka wa masomo. Kiwango hicho kimesimama palepale tangu Septemba 2007. Ada haihesabiwi humo, lakini posho ya malazi, chakula na nauli inahesabiwa.

Sasa dada, yako ni 17,000. Ukihesabika mwajiriwa umeshavuka. Na ukivuka, kinachotozwa siyo ile ziada ya 1,520 peke yake. Zote 17,000 zinageuka kuwa mapato.

mdau_kariakoo

Mkuu Karani, umeeleza vizuri. Sasa kwa lugha ya mfukoni, akihesabika mwajiriwa anabaki na ngapi?

KaraniWaHesabu

Kama hana mapato mengine mwaka huo wa kodi (6 Aprili hadi 5 Aprili), unatoa 12,570 kwenye 17,000, inabaki 4,430. Asilimia 20 yake ni pauni 886.

Halafu kuna mchango wa bima ya taifa, na huu watu wengi wanausahau. Kodi ya mapato inajumlishwa mwaka mzima, lakini mchango huu unapigwa kwa kila kipindi cha malipo peke yake. Angelipwa kidogokidogo kila mwezi, asilimia 8 ya ile 4,430 ni kama pauni 354. Akilipwa 8,500 kwa mkupuo mmoja, mwezi huo unasamehewa 1,048 za mwanzo tu, kisha asilimia 8 hadi kufika 4,189, na asilimia 2 kwa kinachobaki. Hiyo ni pauni 337 na nusu kwa mkupuo, yaani 675 kwa mikupuo miwili. Na tofauti na kodi, mchango uliokatwa kihalali haurudi mwisho wa mwaka eti kwa sababu miezi mingine hukupata kitu.

Jumla ya kodi na mchango ni 1,561, anabaki na 15,439. Kwa mwanafunzi wa London hiyo ni pango la mwezi na zaidi.

Na mshahara wake wa Julai na Agosti ungekaa juu ya hesabu hii, maana ule unatozwa kodi vyovyote iwavyo.

Mtoto_wa_Pangani

Naomba nichangie kwa yaliyonikuta. Nilikuwa msaidizi wa kisheria kwenye kampuni moja, sitaitaja. Wakanipa mkataba wa mafunzo nikiwa tayari mwajiriwa wao, wakaniambia nenda kasome SQE, tutakupa fungu la kujikimu. Nikaondoka kwenda kusoma muda wote lakini hawakuniondoa kwenye orodha ya mishahara. Fungu likaja kupitia slipu ya mshahara, limekatwa kodi kwa msimbo wa BR, yaani asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza bila hata ile 12,570 kuhesabiwa. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeshasaini mkataba wa chumba.

Kodi iliyozidi nilirudishiwa baadaye na HMRC, ila nilikaa miezi ya baridi nakopa kwa ndugu. Kwa hiyo BintiTanga, kazi ya Julai na Agosti ifanye kama unaihitaji, lakini hakikisha ajira hiyo inafungwa rasmi kabla kozi haijaanza. Wakupe P45, ile karatasi ya kuonyesha ajira imeisha, mkononi.

BintiTanga

Pole sana kaka. Hili la P45 sikulijua kabisa. Kwa hiyo nikifanya kazi hadi Agosti halafu wafunge ajira yangu, Septemba narudi kuwa mwanafunzi wa kawaida?

KaraniWaHesabu

Ndiyo, mradi iwe kweli na siyo kwenye karatasi tu. Mshahara wa miezi miwili utatozwa kama mshahara wowote. Ajira ikiisha, P45 ikatolewa, Septemba uko chuoni muda wote na hufanyi kazi yoyote kwao, fungu lako linabaki ufadhili. Ukiendelea kwenda ofisini kwao siku mbili kwa wiki huku unasoma, umewapa HMRC sababu nzuri ya kusema wewe ni mwajiriwa.

Angalia pia mwaka wa pili. Kozi za SQE siku hizi ni za kila aina. Zipo za mwaka mzima, zipo za wiki chache, zipo za kusoma nyumbani kwenye kompyuta kwa saa chache. Kozi fupi inaweza kukosa zile wiki 20, na ya saa chache inaweza kukosa sifa ya "muda wote". Na kampuni nyingine sasa zinawaajiri vijana kabla hawajaanza SQE. Soma barua yako vizuri, ione siku ya kuanza ajira ni ipi hasa.

mdau_kariakoo

Huku nyumbani Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inasamehe ufadhili unaolipia ada ya masomo ya muda wote. Imetaja ada. Pesa ya kula na kulala haikutajwa hapo. Kwa hiyo wanaosomeshwa na ofisi zao Law School pale Sam Nujoma wasichukue majibu ya uzi huu wakadhani ni yao.

MamaWakili

Mwanangu BintiTanga, hongera na Mungu akutangulie. Mimi ni solisita London kwa miaka mingi sasa na nimewalea wanafunzi kadhaa wa mafunzo. Karani amemaliza ya kodi, mimi naongeza la mkataba.

Karibu kila kampuni huweka kifungu cha kurudisha pesa: ukifeli mitihani, ukikataa kuanza kazi, au ukiondoka ndani ya muda fulani baada ya kufuzu, unarudisha fungu na pengine ada. Sasa jiulize, kama fungu lilikatwa kodi ukapokea 15,439, kifungu kinakudai 15,439 au 17,000? Nimeona mikataba inayodai kiasi kamili kabla ya makato. Mtu anarudisha pesa ambayo hakuwahi kuishika. Waulize mapema, wakiwa bado wanakutaka.

Usiogope kuuliza. Watu wetu wengi wanaona kuuliza habari za pesa kabla ya kuanza kazi ni utovu wa adabu. Kwa kampuni za huku ni jambo la kawaida, na wakili anayesoma mkataba wake mwenyewe kwa makini anaheshimiwa. Andika barua pepe kwa idara ya wanafunzi wa mafunzo, uliza mambo manne tu: fungu litalipwa kupitia mfumo wa mishahara au moja kwa moja benki, wanalihesabu kuwa ufadhili chini ya kifungu cha 776 au malipo ya mwajiriwa, ajira yangu inaanza tarehe gani, na nikitakiwa kurudisha, nitarudisha kiasi gani. Majibu yawe ya maandishi.

Wakisema ni malipo ya mwajiriwa, omba washushe hadi 15,480. Ukikatwa kwenye 17,000 unabaki na 15,439, na kwa 15,480 isiyokatwa unashika pauni 41 zaidi huku wao wakitoa 1,520 pungufu. Hakuna mwajiri mwenye hesabu zake atakayekataa hilo.

Nyota_wa_Leeds

Mama umesema jambo kubwa. Dada, mwaka wa masomo ukianza chukua pia cheti cha uanafunzi chuoni upeleke halmashauri, mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi kwenye kodi ya makazi. Mkiwa wanafunzi watupu kwenye nyumba, nyumba nzima inasamehewa.

BintiTanga

Asanteni sana wote, shikamoo Mama Wakili. Niliwaandikia kama ulivyonielekeza na wamejibu leo asubuhi. Fungu linalipwa moja kwa moja benki, nje ya mfumo wa mishahara, wanalihesabu kuwa ufadhili. Ajira yangu inaanza siku ya kwanza ya mafunzo, baada ya SQE. Kazi ya Julai na Agosti itakuwa na mkataba wake, P45 watatoa wiki ya mwisho ya Agosti. Kozi ya mwaka wa pili ni ya muda wote, nimeiona kwenye ratiba.

Kuhusu kurudisha pesa bado hawajajibu, wamesema wanaulizana na idara ya fedha. Sijasaini, nasubiri hilo.

MamaWakili

Marahaba mwanangu. Subiri hivyohivyo. Wakikupa maneno ya kifungu hicho, yaweke hapa bila jina la kampuni, tuyasome pamoja.