Tupeane uzoefu: programu ipi ya kulinganisha na kuunganisha mafaili kwenye kompyuta ya mezani?

Karani wa Data

Habari wakuu. Kila anayelinganisha mafaili kazini aweke hapa anachokijua: anatumia programu gani, kwa mafaili ya aina gani, na inakwama wapi. Tusitaje jina la programu na kupita, maana atakayesoma kesho anataka kujua abonyeze nini.

Naanza na Windows. WinMerge ni programu huria, ya bure, na kwa mwenye matoleo mawili ya faili la maandishi inatosha kabisa. Unafungua faili moja kushoto na jingine kulia. Alt na mshale wa chini inakupeleka kwenye tofauti inayofuata. Alt na mshale wa kulia inanakili kipande kutoka kushoto kwenda kulia, na mshale wa kushoto hufanya kinyume chake. Hadi ubonyeze Ctrl+S hakuna kilichoguswa kwenye diski. Kabla hujaanza, ingia Options, sehemu ya Backup Files, uhakikishe inatunza nakala ya .bak ya faili la zamani.

Kinachowachanganya wengi ni pale faili zima linapowaka rangi ilhali maneno ni yaleyale. Mara nyingi tatizo ni mwisho wa mstari: Windows hufunga mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF, na Linux hufunga kwa LF peke yake. Angalia ukanda wa chini wa kila upande. Ukiona huku Win na kule Unix, nenda Options, Compare, uweke tiki kwenye Ignore carriage return differences.

Mwanalinux

Mkuu Karani umeeleza vizuri, ila hapo umelinganisha mafaili mawili. Kuunganisha ni kazi nyingine, na hapo ndipo watu wanapochagua vibaya.

Chukua orodha ya bei. Faili la kushoto halina mstari wa sukari, la kulia linao. Je, wa kushoto ameufuta au wa kulia ameuongeza? Kwa mafaili mawili hakuna programu duniani inayoweza kujibu, hata ya kulipia. Inahitajika asili, yaani toleo ambalo wote wawili walianzia. Kama mstari ulikuwemo kwenye asili, basi umefutwa. Kama haukuwemo, umeongezwa. Kwa hiyo kama watu wawili wanahariri faili moja, tunzeni asili bila kuigusa, kisha mtumie programu inayolinganisha mafaili matatu.

Ninayoipendekeza ni KDiff3. Ni ya bure na inafanya kazi Linux, Windows na macOS. Unaipa A, ambayo ni asili, kisha B na C. Ikifungua inakuambia ni migongano mingapi (sehemu ambazo matoleo yanatofautiana) imejitatulia na mingapi inakusubiri wewe. Kwa kila mgongano, Ctrl+1 inachukua A, Ctrl+2 inachukua B, Ctrl+3 inachukua C, na ukibonyeza mbili kwa kufuatana inachukua zote mbili kwa mpangilio huo. Haikubali kuhifadhi hadi mgongano wa mwisho uishe, na hilo ndilo linalonifanya niiamini kuliko nyingine.

Meld, programu nyingine ya aina hii, ina sura nzuri zaidi na ni rahisi kwa anayeanza. Kumbuka tu kwamba ukiwa na mafaili matatu, la katikati ndilo unalolijenga na kulihifadhi. Kwa watumiaji wa Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili:

git config --global merge.tool kdiff3
git config --global merge.conflictstyle diff3

Mstari wa pili ni muhimu hata kama hutumii programu yoyote ya madirisha, kwa sababu unaweka na asili katikati ya alama za mgongano ambazo Git huandika ndani ya faili. Baada ya hapo ni git mergetool. Yale mafaili ya .orig yanayobaki ni nakala za kabla hujatatua migongano, bado zina alama zake. Usiyafute kabla hujajaribu kazi yako.

Mhariri wa Pwani

Kwa tunaoandika Kiswahili kuna mtego wetu wenyewe: ng'. Faili moja limeandikwa kwenye kihariri cha kawaida, lina ritifaa (alama ya ') iliyonyooka. Jingine limepita kwenye Word, ambayo imeigeuza ikawa ya kupinda. Kwa macho "ng'ombe" na "ng’ombe" ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, ritifaa ya kwanza ni baiti moja na ya pili, katika UTF-8 (usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyoziandika kwa namba), ni baiti tatu. Kila mstari wenye ng'ambo, ng'oa na ung'aavu utaonekana umebadilika, na mabadiliko ya kweli yatazama humo.

WinMerge ina Substitution Filters, ingia menyu ya Tools kisha Filters: unaiambia ihesabu ’ kuwa sawa na '. Hiyo inatuliza macho tu, mafaili yanabaki vilevile. Kama mnaunganisha, badilisheni alama kwenye mafaili yote kwanza, asili pia, ndipo mlinganishe. Na mkiona â€™ mahali pa ritifaa, faili ni la UTF-8 ila limesomwa kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Lifungueni upya kwa usimbaji sahihi, msilihifadhi hivyo hivyo.

Mhasibu wa SACCOS

Orodha za wanachama kwenye CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi, safu zikitenganishwa kwa mkato): panga kwanza kwa namba ya uanachama, pande zote mbili. Mstari uliohama tu utaonyeshwa kama umefutwa juu na kuongezwa chini.

Na tafadhali, CSV isifunguliwe Excel kwa kubofya mara mbili kisha ikahifadhiwa. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inapotea. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel inashika 15, zilizobaki inazigeuza sifuri. Ingiza data kwa kuchagua Text kwenye safu hizo.

Kama kazi hii ni ya kila wiki, Beyond Compare inastahili bei yake: inalinganisha majedwali kwa safu unayoichagua kuwa ufunguo. Majaribio ni siku 30. Kuunganisha mafaili matatu kumo kwenye toleo la Pro pekee, soma kabla ya kulipa.

Mwanalinux

Nyongeza kuhusu folda. Usilinganishe kwa ukubwa: 50,000 ikibadilishwa kuwa 60,000, faili lina ukubwa uleule. Tarehe nayo si ya kutegemea, faili lililopakuliwa kutoka WhatsApp hupewa tarehe ya kupakuliwa. Kwenye WinMerge chagua Full Contents, inayosoma yaliyomo yote. Ukilazimika kutumia tarehe kwa flashi yenye mfumo wa FAT32, unaotunza muda kwa hatua za sekunde 2, ruhusu tofauti ya sekunde 3.

Karani wa Data

Shukrani wadau. Kwa anayeuliza kuhusu .docx: ndani yake ni zip, yaani kifurushi kilichobanwa na si maandishi ya kawaida, hivyo mlinganishe kwa Word yenyewe, Review kisha Compare, matokeo yanatoka kwenye hati mpya. LibreOffice nayo inafanya hivyo, Edit, Track Changes, Compare Document. Fungua toleo jipya kwanza, kisha uchague la zamani. Yenyewe inaweka alama ndani ya hati uliyoifungua, kwa hiyo tumia Save As mapema.