MJADALA: Zabibu za Ureno ndani ya Bordeaux. Ni kuokoa shamba au ni kuua jina?

Mkwezi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Mwaka 2021 INAO, taasisi inayosimamia majina ya asili ya mazao Ufaransa, iliruhusu aina sita mpya za zabibu kupandwa Bordeaux, mkoa wao maarufu wa mvinyo. Nyekundu ni Arinarnoa, Castets, Marselan na Touriga Nacional. Nyeupe ni Alvarinho na Liliorila. Touriga Nacional ni ya Ureno kabisa. Sababu iliyotolewa ni joto. Merlot, zabibu inayoongoza kwa wingi Bordeaux, siku hizi inaiva mapema mno. Sukari inapanda, kilevi kinapanda nayo, asidi inashuka.

Ruhusa yenyewe imefungwa kamba: mkulima asivuke 5% ya shamba lake, na kwenye mchanganyiko wa mwisho zisizidi 10%. Tena ni kwa majina mawili tu ya kwenye chupa, Bordeaux na Bordeaux Supérieur. Pauillac, Margaux na Pomerol, majina makubwa ya humohumo Bordeaux, hawamo.

Msimamo wangu: ni sawa, na wamechelewa. Ukingo wa kushoto wa mto, kule Médoc, ardhi nzuri ni changarawe. Inapitisha maji upesi na kutunza joto la mchana, ndiyo maana Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inapaweza. Vuka mto uende Pomerol ukute mfinyanzi baridi unaoshika maji. Pale Merlot inayowahi ndiyo ilifaa. Mpangilio huo ulifanywa kwa hali ya hewa ya zamani. Hali ya hewa imeshahama, sheria imebaki palepale.

Na msiniambie zabibu za Bordeaux hazijawahi kubadilika. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi, na wengi waliokuwa na Malbec walipanda Merlot badala yake. Carménère nayo ilikuwa ya kwao, ikapotea, ikaja kutambuliwa Chile mwaka 1994. Karibuni tujadili.

Chuma cha Pua

Napinga hoja, mkuu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Leo 5%, kesho 15%, keshokutwa Bordeaux inakuwa chapa tu kama viatu.

Sheria hizi hazikuandikwa na watu waliokosa kazi. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walichoma nyumba na maghala ya wafanyabiashara pale Aÿ, kwa sababu zabibu zilikuwa zinaletwa kutoka nje ya mkoa halafu mvinyo unauzwa kwa jina la Champagne. Jeshi lilipelekwa. Mfumo wa majina yaliyolindwa ulikuja 1935 baada ya miaka mingi ya udanganyifu wa namna hiyo.

Na ardhi ina neno lake, ukubali usikubali. Nenda Chablis, kaskazini mwa mkoa wa Burgundy, uokote jiwe shambani: ni chokaa iliyojaa chaza wadogo waliogeuka mawe, umbo lao kama mkato wa kuandikia. Juu ya mawe hayo zabibu nyeupe ya Chardonnay inatoa mvinyo mkavu, mkali, usiofanana na Chardonnay ya mahali pengine. Gamay, zabibu nyekundu, nayo Duke Philippe aliamuru ing'olewe Burgundy mwaka 1395, ikapata kwake Beaujolais kwenye graniti. Kila zabibu na kwao.

Bwana Shamba Mstaafu

Shikamooni wenye umri wenu, wengine hamjambo. Mimi sinywi kabisa, lakini mizizi naijua.

Ndugu yangu Chuma, chaza wa Chablis hawaingii kwenye glasi. Mzizi hufyonza maji pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka, basi. Hauwezi kufyonza ladha ya jiwe. Jiwe lenyewe halina ladha ya maana. Mawe yaleyale ya chokaa yanatokeza Sancerre, huko wanapanda Sauvignon Blanc, na mvinyo wake hauna undugu na wa Chablis. Ukali wa Chablis unatokana kwanza na baridi ya kaskazini, zabibu inaiva huku asidi bado iko juu.

Mfano mwingine ni Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa. Watalii wanapiga picha yale mawe makubwa ya mviringo na kuambiwa ndiyo siri ya mvinyo. Sasa shamba la Château Rayas, mojawapo ya majina ghali kuliko yote pale, lipo kwenye kichanga, na mawe hayo hayapo. Kazi ya udongo ni kumpimia mzabibu maji. Ukinywa sana unajaza majani na matunda mepesi, ukikosa kabisa unafunga kazi. Ukibanwa kidogo wakati zabibu zinabadilika rangi, unatoa matunda madogo yenye nguvu.

Jambo la mwisho, ambalo wapenzi wa asili huwa wanalipita kimyakimya. Mizabibu karibu yote ya Ufaransa imesimama kwenye mizizi ya Kimarekani. Mdudu wa filoksera aliingia miaka ya 1860 akamaliza mashamba, na dawa ikawa kubebesha zabibu ya Kifaransa juu ya shina la Amerika. Hata hilo halikwenda mara moja: kwenye chokaa, kama Cognac, mashina ya mwanzo yaligeuka manjano na kudumaa. Mtaalamu wa mizabibu, Pierre Viala, akatumwa Marekani mwaka 1887, akaelekezwa Texas, kwenye mizabibu ya mwituni iliyozoea chokaa. Kwa hiyo kinachogusa huo udongo mtakatifu ni mgeni, miaka zaidi ya mia sasa.

Chuma cha Pua

Shikamoo mzee, umenichapa. Lakini shina ni shina, zabibu ni zabibu. Embe dodo likibebeshwa juu ya mwembe wa kienyeji linabaki dodo. Hawa wanabadilisha embe lenyewe.

Dada wa Montpellier

Niongeze kutoka huku kusini. Tarehe 28 Juni 2019 kipimo kilifika nyuzi 46 pale Vérargues, mkoa wetu wa Hérault. Majani na vichala vilikauka vikiwa mtini kama vimepitiwa na moto. Wenzetu wa Beaune, kule Burgundy, wana kumbukumbu za siku za mavuno tangu 1354. Mpaka 1987 kuvuna kulianza kwa kawaida tarehe 28 Septemba, na kuanzia 1988 kunawahi kwa siku 13 kwa wastani.

Na joto halikufuta baridi, limeipa nafasi. Aprili 2021 mizabibu ilikuwa imeshachipua kwa sababu mwisho wa Machi ulikuwa wa moto, kisha jalidi ikashuka. Usiku kucha watu waliwasha makopo ya nta katikati ya mistari. Chablis wengine hunyunyizia machipukizi maji yagande juu yake, maana maji yakiganda hutoa joto kidogo na chipukizi halishuki sana chini ya sifuri. Unaganda ili usigandishwe, sijui niseme nini.

Sasa mtu wa Bordeaux anabishana kuhusu Touriga, huku kwetu ugomvi ni maji. Kwenye majina yaliyolindwa, kumwagilia kuanzia 1 Mei hadi mavuno ni marufuku bila kibali. Ukipata kibali, jirani anasema umeua ladha ya ardhi. Usipopata, hakuna cha kuvuna.

Zabibu Hombolo

Mimi nasoma nikiwa Dodoma. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, mzabibu haulali kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza. Tunaupogoa ndiyo unaanza upya. Hakuna anayenipangia aina ya kupanda, ila pia hakuna anayelinda jina langu sokoni. Hao Wafaransa wanaolalamika sheria, waje tubadilishane.

Mkwezi

Hombolo, umegusa penyewe, fungua uzi wako tuje.

Chuma, kuhusu dodo: hoja nzuri, lakini hesabu haikubali. Mvinyo wenye Merlot na Cabernet 90% bado ni Bordeaux kwa kipimo chochote. Na hili ni jaribio la miaka kumi, si ndoa. Ninachotaka mnijibu ni kimoja: hao wenye changarawe bora na mfinyanzi bora, Pauillac na Pomerol, mbona wako nje ya jaribio na jua ni lilelile? Mimi naona wanamwacha mwenye chupa ya bei rahisi ajaribu kwanza kwa hasara yake.