Tupeane uzoefu: ukiprinti kwa Linux na vipimo vikatoka vidogo

Mwenye saiba, Nakuru
Habari za jioni wadau. Nina saiba hapa Nakuru, kompyuta nne, zote zinatumia mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Wiki jana fundi wa ujenzi alileta mchoro wa nyumba, PDF ya A4, kipimo 1:100. Nikamprintia, akalipa, akaenda. Saa moja baadaye akarudi na rula mkononi. Ukuta wa mita 10 ulipaswa kuwa milimita 100 kwenye karatasi. Ulikuwa 94.

Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na wale uliowaprintia kabla yangu, walipima?" Swali hilo bado liko nami.

Nilichogundua: karatasi kwenye trei ilikuwa A4, yenye milimita 210 kwa 297, lakini kompyuta iliamini ni Letter ya Marekani, 216 kwa 279. Gawanya 279 kwa 297, unapata 0.94. Ukurasa mzima ulibanwa uingie kwenye karatasi ambayo sina hata rimu moja yake dukani. Nilifungua kivinjari, nikaandika localhost:631, ambao ni ukurasa wa CUPS, programu inayosimamia uprintaji kwenye Linux, nikaingia kwa printa yangu na kubadilisha ukubwa wa karatasi wa chaguo-msingi kuwa A4. Kwenye skrini ya printa yenyewe pia, trei ilikuwa imewekwa Letter.

Wenzangu mmekutana na nini? Tupeane uzoefu, na tafadhali taja vipimo.

Fundi wa nguo, Kibuye, Kisumu
Pole kaka. Mimi nilipoteza kitambaa cha sare za watoto kumi na wawili.

Huwa napakua patani za PDF, naprinti kurasa kumi na tano au ishirini, nazibandika kwa selotepu. Patani nyingi zina kisanduku cha kupimia, cha sentimita 10. Siku hiyo sikukipima kwa sababu wiki iliyotangulia kilikuwa sawa. Blauzi ya kifua cha sentimita 96 ilitoka 92 na kidogo. Mtoto wa kwanza alipojaribu, vifungo havikufika.

Mwanangu aliyeko chuo alikagua akakuta A4 iko sawa kila mahali. Tatizo lilikuwa kwenye programu ya kusomea PDF. Ukibonyeza kuprinti, kuna mahali pa kuchagua ukubwa, na programu ilikuwa imejichagulia kupunguza ukurasa utoshee eneo ambalo printa inaweza kufikisha wino. Printa yangu huacha kama milimita 4 kila upande, kwa hiyo ukurasa hushuka hadi asilimia 96. Na kwa nini wiki ile nyingine ilikuwa sawa? Nilikuwa nimetumia kompyuta ya jirani.

Sasa siprinti tena kwa kubonyeza. Alinifundisha amri hii ya kuandika kwenye terminali, yaani dirisha la amri, inayoprinti kwa A4 bila kubadilisha ukubwa; nimeiandika ukutani juu ya cherehani:

lp -o media=A4 -o print-scaling=none patani.pdf

Ukurasa wa kwanza pekee kwanza, kwa kuongeza -P 1. Napima kisanduku. Kikiwa 10 kamili, ndipo naachilia zilizobaki.

Mwalimu wa hisabati, Bungoma
Dada, asante kwa hiyo ya ukurasa wa kwanza. Kwangu ilikuwa mtihani wa kidato cha tatu, swali la mchoro: pima urefu wa AC na pembe B. Wanafunzi wote walipata pembe sahihi na urefu wa sentimita 7.5 badala ya 8. Hapo nilijua ni printa, kwa sababu ukurasa ukipunguzwa sawasawa pembe hazibadiliki, urefu ndio hupungua. Nilisahihisha upya karatasi zote kwa 7.5, maana mtoto aliyepima vizuri hana kosa.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaweka A4 kwenye mipangilio ya mashine nzima, na bado ilikataa. Kumbe kila mtumiaji anaweza kuwa na faili lake la mipangilio ya printa, ~/.cups/lpoptions, na hilo ndilo husikilizwa kwanza. Langu lilikuwa na Letter tangu mwaka juzi. Nililifuta, nikaanza upya.

Muuza asali, Kakamega
Lebo zangu za chupa, 24 kwa karatasi moja. Safu ya juu ilikaa vizuri, ya chini ikapanda juu ya mstari wa kukatia. Kama kosa linakua kadiri unavyoshuka, ukubwa umebadilishwa. Kama kila lebo imesogea kiasi kilekile, angalia pambizo.

Mwanafunzi, Maseno
Kama Letter inarudi kila ukisakinisha upya, andika locale LC_PAPER kwenye terminali, uone mashine inatumia karatasi ya ukubwa gani. Ikisema 279 na 216, ulichagua Kiingereza cha Marekani wakati wa kusakinisha. Mimi niliandika sudo update-locale LC_PAPER=en_GB.UTF-8, nikatoka na kuingia tena. Lugha ya mashine haikubadilika, karatasi tu.

Mwenye saiba, Nakuru
Dada fundi, nimejaribu amri yako. Mchoro umetoka 100 kamili, ila fremu ya nje imekatika pembeni.

Fundi wa nguo, Kibuye, Kisumu
Ndiyo, itakatika. Wino haufiki pale ukingoni. Mwombe mwenye mchoro aongeze pambizo, usiupunguze wewe.

Mwenye saiba, Nakuru
Nimempigia, analeta mwingine kesho. Nimepitia pia daftari la wateja na kupata wawili walioprinti ramani za nyumba mwezi huu. Mmoja ameshachimba msingi, lakini anasema fundi wake alifuata namba zilizoandikwa, hakupima kwa rula. Wa pili hajapokea simu. Nitajaribu tena asubuhi.